Mitambo ya nyuklia vitani: Nani atamlipa mwenye mzigo?

USIKU wa kuamkia Machi 4, 2022, siku ya tisa tangu Urusi iivamie Ukraine, moto ulizuka katika jengo la mafunzo la mtambo wa umeme wa nyuklia wa Zaporizhzhia, kusini mashariki mwa Ukraine. Habari hizo zilipofika Asia, masoko ya hisa yalishuka na bei ya mafuta ghafi ikapanda. Asubuhi moto ulikuwa umezimwa, mionzi haikuvuja, na mtambo ulikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Urusi.

Mtambo huo wenye vinu sita ndio mkubwa kuliko yote barani Ulaya. Kabla ya vita ulikuwa ukizalisha karibu moja ya tano ya umeme wote wa Ukraine. Kabla ya usiku ule, hakuna mtambo wa ukubwa huo uliokuwa ukifanya kazi ambao uliwahi kutekwa na jeshi.

Mfanyabiashara wa Kariakoo, Gikomba au Owino anaweza kuuliza, hayo yanamhusu nini mtu anayepeleka mafuta ya kupikia Kigali au anayetoa shehena ya ngano Mombasa kwenda Kampala? Jibu liko katika karatasi tatu ambazo mfanyabiashara huyo anazo mezani kwake, yaani hati ya bima ya mzigo, mkataba wa mauzo na cheti cha mionzi kinachodaiwa mpakani. Zote tatu zina maneno yanayohusu nyuklia, na kwa walio wengi hayajawahi kusomwa.

Ukizisoma pamoja, unapata picha isiyopendeza. Ajali ya nyuklia ikitokea kwa sababu ya vita, mwenye mtambo hawajibiki kulipa. Kampuni ya bima nayo haiwajibiki. Hasara inabaki kwa mwenye mzigo.

Hatari inavyotokea

Watu wengi wanapofikiria mtambo wa nyuklia vitani huona kombora likitua juu ya kinu. Hilo linawezekana, lakini wataalamu wanahofia zaidi kukatika kwa umeme na maji.

Msafirishaji wa makontena ya baridi atalielewa jambo hili upesi. Lori likisimama Malaba kwa siku mbili, injini imezimwa, lakini samaki au nyama iliyomo ndani bado inahitaji ubaridi. Jenereta ikizima, mzigo unaharibika ingawa gari halijagongwa na mtu. Kinu cha nyuklia nacho ni hivyo hivyo. Kikizimwa hakipoi mara moja. Kinu cha aina iliyopo Zaporizhzhia hutoa joto la takriban megawati 3,000 kinapofanya kazi. Sekunde chache baada ya kuzimwa bado kinatoa karibu asilimia 6 au 7 ya joto hilo, ambayo ni megawati 200 hivi. Baada ya siku moja joto hilo hushuka hadi chini ya asilimia moja, lakini haliishi. Lazima pampu ziendelee kuzungusha maji, na pampu zinahitaji umeme.

Kwa kawaida umeme huo hutoka nje, kwenye gridi ya taifa. Gridi ikikatika, majenereta ya dizeli huwaka. Dizeli ikiisha au majenereta yakiharibika, maji huchemka na kukauka, mafuta ya nyuklia huyeyuka, na hapo mionzi hupata njia ya kutoka.

Mlolongo huo si wa kufikirika. Ndivyo ilivyokuwa Fukushima nchini Japani, Machi 11, 2011. Tetemeko la ardhi lilikata umeme wa gridi, tsunami ikafurika majenereta, na vinu vitatu vikayeyuka. Japani haikuwa vitani. Vita huongeza uwezekano wa mambo hayo hayo, kwa kuwa nyaya za umeme na vituo vya kupozea umeme ni shabaha za kila siku za majeshi.

Zaporizhzhia kwa hesabu

Kabla ya vita mtambo wa Zaporizhzhia ulikuwa na njia nne kuu za umeme za kilovolti 750, pamoja na njia sita za akiba za kilovolti 330. Tangu vita vianze, njia zilizobaki zimekuwa zikipungua hadi mbili au moja. Kufikia Septemba 2025 mtambo ulikuwa umekatiwa umeme wote wa nje mara 10. Mara zilizotangulia zilikuwa za saa au siku chache. Ile ya kumi ilianza Septemba 23, 2025 na kudumu takriban mwezi mmoja, hadi Oktoba 23. Muda wote huo mtambo uliishi kwa dizeli. Ili mafundi waweze kutengeneza nyaya, pande mbili zilizokuwa zikipigana zilibidi zisitishe mapigano katika maeneo ya ukarabati.

Maji nayo yana kisa chake. Juni 6, 2023 bwawa la Kakhovka katika Mto Dnipro lilibomoka, na ziwa ambalo mtambo ulikuwa ukilitegemea likakauka. Ilibidi vichimbwe visima 11 ndani ya eneo la mtambo ili kujaza mabwawa ya kupozea.

Aprili 7, 2024 ndege zisizo na rubani zilishambulia eneo hilo, na moja ikagonga paba la kinu namba 6. Agosti 11 mwaka huo moto mkubwa uliunguza mnara mmoja wa kupozea. Februari 14, 2025 ndege isiyo na rubani ilitoboa paa kubwa la chuma linalofunika kinu kilicholipuka Chernobyl mwaka 1986. Katika matukio yote hayo hapakuwa na mionzi iliyovuja kwa kiwango cha kudhuru watu.

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba Zaporizhzhia ni Chernobyl ya pili inayosubiri kutokea. Vinu vya Zaporizhzhia ni vya aina nyingine, na vimefunikwa kwa majengo mazito ya zege ambayo Chernobyl haikuwa nayo. Kinu cha mwisho kiliacha kuzalisha umeme Septemba 11, 2022, na tangu Aprili 2024 vyote sita vimekuwa katika hali ya kupoa kabisa. Joto lililobaki ni dogo, na wafanyakazi wana siku nyingi za kutafuta ufumbuzi kabla maji hayajachemka. Aidini ya mionzi, iliyodhuru watoto wengi baada ya Chernobyl, hupungua kwa nusu kila siku nane, hivyo katika vinu vilivyozimwa miaka kadhaa haipo tena. Kinachobaki ni sesiamu, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30. Hiyo ndiyo inayoharibu mashamba, na ndiyo inayopimwa katika vyakula mipakani.

Mtambo wa Kursk ulio ndani ya Urusi ulizua hofu kubwa zaidi Agosti 2024, majeshi ya Ukraine yalipoingia jimbo hilo. Vinu vyake ni vya aina ile ile ya Chernobyl, havina paa zito la zege, na vilikuwa vikifanya kazi. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), Rafael Grossi, alikwenda huko mwenyewe Agosti 27, 2024.

Sheria ipo, ila ina mlango wa nyuma

Sheria ya kimataifa haiko kimya. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, katika ibara ya 56, inakataza kushambulia mabwawa na mitambo ya umeme wa nyuklia ikiwa shambulio hilo litaachia nguvu za hatari na kuleta hasara kubwa kwa raia. Urusi na Ukraine ni wanachama wa itifaki hiyo. Kenya, Uganda na Tanzania pia. Marekani iliitia saini lakini haikuiridhia.

Tatizo ni kwamba ibara hiyo hiyo inatoa ruhusa pale mtambo unapotoa umeme unaosaidia vita moja kwa moja, kwa kiwango kikubwa na mfululizo, ikiwa hakuna njia nyingine ya kuukomesha msaada huo. Kila jeshi linaweza kudai kwamba mtambo wa adui uko hivyo. Isitoshe, kukata nyaya za umeme kilomita 50 kutoka kwenye mtambo si kuushambulia mtambo kwa maana ya kawaida ya maneno, lakini matokeo yake yanaweza kuwa yale yale.

Mei 30, 2023 Grossi aliliwekea Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kanuni tano kuhusu Zaporizhzhia. Alitaka mtambo usishambuliwe wala kutumika kushambulia, usigeuzwe ghala la silaha nzito au kambi ya askari, umeme wake wa nje usihatarishwe, vifaa vyake muhimu vilindwe, na pasifanyike lolote la kudhoofisha kanuni hizo. Wakaguzi wa IAEA wamekuwa wakikaa kwenye mtambo huo tangu Septemba 2022. Wanaona na kutoa taarifa, lakini hawana askari wala mamlaka ya kumzuia mtu.

Mfano wa nchi zilizofanikiwa kuwekeana sheria zao wenyewe ni India na Pakistan. Desemba 31, 1988 nchi hizo zilitia saini makubaliano ya kutoshambulia mitambo ya nyuklia ya upande wa pili, na tangu mwaka 1992 hubadilishana orodha za mitambo yao kila Januari mosi, hata katika miaka ambayo uhusiano wao ulikuwa mbaya.

Ghuba ndiko kunakotuhusu zaidi

Ukraine iko mbali, ingawa vita vyake vilifika hadi kwenye bei ya chapati. Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikitoa zaidi ya robo ya ngano inayouzwa duniani, na mwanzoni mwa Machi 2022 bei ya ngano katika soko la Chicago ilifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 2008. Lakini kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki eneo la kuangaliwa kwa jicho kali zaidi ni Ghuba.

Dubai ndilo duka la jumla la ukanda huu. Simu, vipuri, vitambaa, vifaa vya umeme na magari hupitia huko, na sehemu kubwa ya mafuta ya magari yanayoshushwa Mombasa, Dar es Salaam na Tanga hutoka nchi za Ghuba. Katika maji hayo hayo, upande wa Iran, upo mtambo wa nyuklia wa Bushehr wenye kinu cha takriban megawati 1,000 kilichojengwa na Warusi na kuunganishwa na gridi mwaka 2011. Kwa mstari ulionyooka Bushehr ni takriban kilomita 280 kutoka mji wa Kuwait, 400 kutoka Doha na 600 kutoka Dubai.

Bushehr si mgeni wa vita. Ulipokuwa bado unajengwa, ndege za Iraq ziliushambulia mara kadhaa kati ya mwaka 1984 na 1988. Wakati huo haukuwa na mafuta ya nyuklia ndani. Juni 2025, katika vita vya siku 12 kati ya Israel na Iran, ulikuwa nayo. Juni 19 msemaji wa jeshi la Israel alisema Bushehr umepigwa, kisha jeshi likasema kauli hiyo ilikuwa ya makosa. Siku iliyofuata Grossi aliliambia Baraza la Usalama kwamba kombora likiupiga mtambo huo moja kwa moja, mionzi mingi sana ingetoka, na kwamba kukatwa kwa nyaya zinazoupelekea umeme kungeweza kuyeyusha kiini cha kinu.

Juni 22, 2025 Marekani ilishambulia Fordow, Natanz na Isfahan. Maeneo hayo ni ya kurutubisha na kusindika madini ya urani, si vinu vya umeme, na ndiyo maana hofu ya mionzi kusambaa nje ya mipaka ilikuwa ndogo.

Hatari kubwa kwa Ghuba ni maji ya kunywa. Kuwait, Qatar, Bahrain na Umoja wa Falme za Kiarabu hutegemea kwa sehemu kubwa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mionzi ikiingia baharini, mitambo hiyo italazimika kufungwa. Machi 2025 Waziri Mkuu wa Qatar, Sheikh Mohammed bin Abdulrahman Al Thani, alieleza katika mahojiano kwamba nchi yake iliwahi kufanya tathmini na kuona kuwa maji yangekwisha ndani ya siku tatu, ndipo ikajenga matangi makubwa ya akiba. Mji usio na maji hauwezi kuendesha bandari. Kwa hiyo mzigo ungekwama Jebel Ali hata kama hakuna chembe ya mionzi iliyogusa kontena.

Umoja wa Falme za Kiarabu wenyewe una mtambo wa Barakah, wenye vinu vinne vya jumla ya takriban megawati 5,600 vinavyotoa karibu robo ya umeme wa nchi hiyo. Desemba 2017, ukiwa bado unajengwa, Wahouthi wa Yemen walidai kuurushia kombora. Abu Dhabi ilikanusha.

Bima: soma maandishi madogo

Hapa ndipo mfukoni panapoguswa. Mizigo mingi ya baharini huwekewa bima kwa masharti yanayotungwa London. Kifungu kimoja huambatishwa karibu kwenye kila hati, nacho hujulikana kwa namba CL 370, toleo la Novemba 10, 2003. Kinasema bima haitalipa hasara, uharibifu, dhima wala gharama iliyosababishwa, moja kwa moja au kwa njia nyingine, na mionzi itokanayo na mafuta ya nyuklia, taka za nyuklia au mtambo wa nyuklia. Kifungu hicho kinajitangaza kuwa juu ya maneno mengine yote katika hati yanayopingana nacho.

Wapo wafanyabiashara wanaodhani kwamba wakilipia nyongeza ya bima ya vita wamejikinga na kila jambo la vita. Sivyo. Bima ya vita hulipa meli ikipigwa kombora au mzigo ukiungua. Kombora hilo hilo likipiga mtambo wa nyuklia, na upepo ukaleta mionzi juu ya mzigo, kifungu cha nyuklia ndicho kinachotawala.

Kuna jambo la pili. Masharti ya kawaida ya bima ya mzigo hayalipi hasara itokanayo na ucheleweshaji, hata kama kilichosababisha ucheleweshaji huo ni jambo ambalo bima inalikinga. Gharama za kukaa bandarini, faini za kuchelewesha kontena na siku za kusubiri za lori hazimo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Bukavu ameagiza kontena mbili za mafuta ya alizeti kutoka Bahari Nyeusi kupitia Dar es Salaam. Meli iko njiani, habari zinakuja kwamba mtambo wa nyuklia umevuja. Mzigo ulipakiwa wiki mbili kabla ya tukio na ni safi. Hata hivyo, bandari inataka vipimo, mnunuzi wa Bukavu anasita, na kontena zinakaa siku 20. Bima haitalipa, kwa sababu mzigo haukuharibika na ucheleweshaji haulipwi. Muuzaji hatalipa, kwa sababu kama mauzo yalikuwa ya FOB au CIF hatari ilihamia kwa mnunuzi mzigo ulipopakiwa melini. Mwenye lori atadai siku zake za kusubiri, ikiwa mkataba wake unazitaja. Kama hauzitaji, ataondoka mikono mitupu naye.

Je, mwenye mtambo anaweza kushitakiwa? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu fidia za ajali za nyuklia unamfanya mwenye mtambo awajibike hata kama hakuzembea. Lakini ibara ya nne inamwondolea wajibu huo ikiwa ajali ilisababishwa moja kwa moja na vita, uhasama, vita vya wenyewe kwa wenyewe au uasi. Mkataba wa Paris wa mwaka 1960, unaotumika katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi, unasema hivyo pia. Hata bila vita fidia huwa ngumu kupatikana. Baada ya Chernobyl, Umoja wa Kisovieti haukuwa mwanachama wa mikataba hiyo, na nchi zilizopoteza mazao na mifugo hazikulipwa na Moscow.

Mionzi huisha, karatasi hubaki

Wafanyabiashara wanaoingiza vyakula Tanzania wanajua cheti cha mionzi kinachotolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Kenya kazi ya udhibiti iko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA), iliyochukua nafasi ya Bodi ya Kinga ya Mionzi kwa sheria ya mwaka 2019. Kwa miaka mingi wapo wafanyabiashara waliolalamika kuhusu ada na muda wa vipimo hivyo, wakiuliza vinapima nini hasa.

Ukaguzi wa aina hiyo ulienea duniani baada ya Chernobyl. Mwaka 1986 mionzi iliangukia malisho ya nchi nyingi za Ulaya, ikaingia kwenye maziwa na nyama. Jumuiya ya Ulaya iliweka kikomo cha bekereli 370 kwa kilo kwa maziwa na vyakula vya watoto, na 600 kwa vyakula vingine vinavyotoka nje. Nchini Uingereza, iliyo zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Chernobyl, vizuizi vya kuuza kondoo wa baadhi ya milima viliondolewa mwaka 2012, miaka 26 baadaye.

Baada ya Fukushima, nchi na maeneo 55 yaliwekea vyakula vya Japani masharti. Umoja wa Ulaya uliondoa ya mwisho Agosti 2023. Waagizaji wa magari yaliyotumika wanalikumbuka jambo hili kwa namna nyingine, kwani magari ya Japani yanayokuja Kenya yaliongezewa kipimo cha mionzi katika ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa.

Funzo lake ni kwamba madhara ya kibiashara huja haraka na huondoka polepole. Mteja akishaogopa bidhaa ya eneo fulani, vipimo vizuri peke yake havimrudishi. Na kila nchi ikiweka kikomo chake na fomu yake, lori moja litokalo Mombasa kwenda Bujumbura linaweza kudaiwa vyeti viwili au vitatu vya jambo lile lile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vituo vya pamoja vya mpakani Namanga, Rusumo, Malaba na Busia, lakini msongamano wa kawaida tu unavilemea. Siku ya dharura ya mionzi, swali la kwanza litakuwa kama cheti cha Mombasa kinaaminiwa Kampala, na cha Dar es Salaam kinaaminiwa Kigali. Ni afadhali swali hilo lijibiwe kabla ya dharura.

Nyumbani nako

Mjadala huu hautabaki wa mbali. Kenya imekuwa ikipanga mtambo wake wa kwanza. Eneo la Uyombo, Kilifi, lilipingwa vikali na wananchi mwaka 2024, na baadaye macho yakageukia Siaya kando ya Ziwa Victoria. Uganda imetaja Buyende. Rwanda nayo inatafuta vinu vidogo. Misri inajenga El Dabaa tangu mwaka 2022.

Afrika tayari ina historia yake katika jambo hili. Mtambo wa Koeberg ulio karibu na Cape Town ndio pekee wa kibiashara barani uliokwisha kuzalisha umeme. Desemba 1982, kabla haujawashwa, Rodney Wilkinson, mfanyakazi aliyejiunga na tawi la kijeshi la ANC, alitega humo mabomu manne yaliyolipuka na kuchelewesha kazi. Mabomu yalitegwa mapema makusudi, kabla vinu havijaanza kazi, ili pasiwepo hatari ya mionzi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe na uasi ni mambo ambayo ukanda wa Maziwa Makuu unayajua vizuri. Serikali zinapojadili gharama za mitambo, bunge na wafanyabiashara wana haki ya kuuliza pia kuhusu njia ngapi za umeme zitaufikia mtambo, dizeli ya siku ngapi itawekwa, na nani atalipa ikiwa kitatokea kile ambacho mikataba imekiondoa.

La kufanya sasa

Mfanyabiashara mdogo hawezi kumzuia jenerali. Yapo hata hivyo mambo ambayo yako ndani ya uwezo wake.

Kwanza, amwombe wakala wake wa bima amwonyeshe kifungu cha nyuklia na kile cha ucheleweshaji, na amweleze kwa Kiswahili vinamaanisha nini. Sheria za Kenya na Tanzania zinataka waagizaji wakate bima ya mizigo ya baharini kwa kampuni za ndani, kwa hiyo wakala huyo yuko mjini, si London.

Pili, mkataba wa mauzo utaje wazi nini kitatokea bandari ikifungwa au vipimo vya mionzi vikidaiwa njiani, nani analipia vipimo, nani analipia siku za kusubiri, na baada ya siku ngapi kila upande unaweza kujitoa. Neno la jumla la "majanga yasiyozuilika" halitoshi.

Tatu, msafirishaji aandike kiwango cha malipo ya kila siku ya kusubiri katika mkataba wake na mwenye mzigo. Bila maandishi, ugomvi huo humalizikia kwa dereva kulala chini ya lori.

Nne, anayeagiza chakula kutoka Bahari Nyeusi adai cheti cha mionzi cha nchi ya asili chenye tarehe ya kupakia. Katika siku ya taharuki, tarehe hiyo ndiyo itakayotenganisha mzigo wa kabla ya tukio na wa baada.

Tano, anayetegemea Dubai pekee ajue kwamba Jebel Ali iko ndani ya Mlango wa Hormuz, ilhali Fujairah, Khor Fakkan, Sohar na Salalah ziko nje. Kuwa na wakala anayejua njia hizo hakugharimu kitu siku za amani.

Katika mwezi ule ambao Zaporizhzhia uliishi kwa jenereta mwaka 2025, meli ziliendelea kupakia nafaka Odesa na malori yaliendelea kupanga foleni Malaba. Hakuna kilichotokea. Mafundi waliunganisha waya, umeme ukarudi. Mwenye mzigo uliokuwa baharini wakati huo alikuwa salama kwa sababu dizeli haikuisha, si kwa sababu kuna mkataba au hati yoyote iliyokuwa ikimlinda.